Barovia: Kijiji ambako hofu huanzia matangani

WAHENGA walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Msemo huo ungewafaa wakazi wa Barovia, kijiji cha kubuni katika mchezo wa Dungeons & Dragons.

Mchezo huo, uliotolewa Marekani mwaka wa 1974, huchezwa mezani kwa dadu na masimulizi: mmoja husimulia, wenzake huigiza wahusika na kuamua watakalotenda. Barovia ilibuniwa na Tracy Hickman na mkewe, Laura, katika kisa cha Ravenloft cha mwaka wa 1983. Ukungu umekizingira kijiji, hatoki mtu. Juu jabalini, ngomeni mwake, anaishi Strahd, mnyonya damu anayewatawala.

Kinachotia hofu zaidi, hata hivyo, ni maisha ya wanakijiji wenyewe. Katika toleo la 2016, maiti ya mkuu wa kijiji ingali nyumbani kwake. Hakuna jirani aliyethubutu kuisindikiza makaburini. Bintiye wa kulea, Ireena, anayewindwa na Strahd, hakubali kuondoka kabla ya mazishi.

Hivyo, kabla ya kumkabili Strahd, wachezaji hutakiwa kuamua iwapo watabeba jeneza. Anayekubali huwa tayari ana watu wa kuwahofia, na hapo ndipo zimwi huanza kutisha.