Juno ya zamani, kontrola ya kisasa: soma kwanza kabla hujatoa hela

Washkaji wanaotengeneza biti huniuliza: hivi kinanda cha analogi cha zamani unaweza kukiendesha kwa kontrola ya kisasa? Unaweza, ila kuna sehemu moja watu wanachoma hela bure.

Chukua Roland Alpha Juno ya mwaka 1985. Inapiga noti sita kwa mpigo, na filta yake ni analogi kweli. Kaka yake, Juno-106 ya 1984, alijaa slaida usoni. Kwenye Alpha wakaziondoa, wakaacha gurudumu moja na vitufe. Parameta za sauti ziko 36, na unazibadilisha moja moja kwa gurudumu hilo hilo. Kupanga tu sauti ipande na kushuka vipi ni namba saba, unachungulia kidirisha kama mtu anayesoma luku. Ndo maana wengi walibaki na sauti za kiwandani (si mbaya lakini, ule mngurumo wa Mentasm ya Second Phase, 1991, ulitokea humo humo). Roland waliuza boksi la slaida pembeni, PG-300, ila leo kulipata ni kazi.

Sasa twende kwenye kontrola. Zile za bei chee zenye nobu nane kwa kawaida hutuma ujumbe wa MIDI unaoitwa CC. Kwa filta na hizo parameta nyingine, Alpha Juno haielewi CC. Utazungusha mpaka mkono uchoke, filta haitikisiki, halafu utasema kinanda kimekufa. Yenyewe inataka SysEx, ujumbe mrefu zaidi wa baiti kumi. Wa filta uko hivi:

F0 41 36 00 23 20 01 10 vv F7

41 ni Roland. 36 ni amri ya kubadilisha parameta moja, 00 ni chaneli ya kwanza, 23 ni ukoo wa Juno hizi, na 10 ndo filta yenyewe. Hapo kwenye vv nobu yako inaweka thamani, toka 00 mpaka 7F, yaani 0 hadi 127. Ukitaka parameta nyingine badilisha hiyo 10 tu.

Kwa hiyo muulize muuzaji swali moja: inatuma SysEx yenye thamani inayobadilika? Behringer BCR2000 ya mtumba inaweza, ila utakaa usiku mzima kuipanga. Dtronics DT-300 imetengenezwa kwa ajili ya Juno hizi kabisa.

Chomeka MIDI OUT ya kontrola kwenye MIDI IN ya Juno, halafu kwenye mipangilio ya MIDI ya Juno washa Exclusive. Ikiwa imezimwa hutasikia badiliko lolote. Usizungushe kwa pupa pia: waya wa MIDI hupitisha baiti 3,125 kwa sekunde, yaani jumbe kama 312 hivi za aina hii. Na ukipata sauti tamu, iandike kwenye kumbukumbu kabla hujahamia nyingine, la sivyo imekwenda.

Jingine, kama unaagiza toka Japani angalia maandishi ya volti nyuma ya kinanda. Umeme wao ni volti 100, wetu Bongo 230. Ukichomeka bila transfoma ya kupunguza umeme, unanusa moshi. Mwenye swali adondoshe hapo chini.