Orodha yangu ya wachezaji bora wa Kenya 2025: Kipa mbele, Ogam nyuma yake

Mwaka ukigeuka, vijiwe vya Nakuru huwa na kesi moja tu: nani alikuwa moto mwaka uliopita? Kwa kinyozi Section 58, kwenye base za boda Kaptembwo, ndani ya matatu ya Free Area, kila msee ana orodha yake. Na kila orodha ya 2025 niliyosikia inaanza na jina moja, Ryan Ogam.

Yangu haianzi hivyo. Inaanza na Bryne Omondi, kipa wa Gor Mahia na Harambee Stars. Nimeshaitwa majina mengi kwa sababu hiyo, mengine mhariri hawezi kuyapitisha. Nipe dakika tano nijitetee, kisha nawe uongeze lako.

Masharti kwanza. Ninahesabu Januari hadi Desemba 2025, Wakenya pekee, na nampima mtu kwa alichofanya ugani, si kwa ukubwa wa klabu iliyoandikwa kifuani. Ndiyo maana CHAN ina uzito kwangu. Yale ni mashindano ya wachezaji wa ligi za nyumbani tu. Ukicheza Ulaya au Uarabuni, unatazama kwa runinga kama mimi. Agosti yalikuja kwetu, Tanzania na Uganda. Kenya ilikuwa inashiriki kwa mara ya kwanza, na ikatupwa kundi moja na Morocco, DR Congo, Angola na Zambia. Morocco na Congo walikuwa wamelibeba kombe hilo mara mbili kila mmoja. Sisi tulikuwa na kocha Benni McCarthy, aliyeingia kazini Machi, na vijana ambao hata shabiki sugu angepita nao Kenyatta Avenue asigeuze shingo.

Sasa angalia matokeo. Kenya 1-0 DR Congo. Kenya 1-1 Angola. Kenya 1-0 Morocco. Kenya 1-0 Zambia. Halafu robo fainali, Kenya 1-1 Madagascar, tukatolewa kwa matuta 4-3. Umeona kitu?

Bao moja. Mechi tano, mabao matano, na hakuna siku hata moja tulipofunga la pili. Mimi sikumaliza chuo, karo ilinishinda mwaka wa pili, lakini hesabu hii haihitaji digrii. Timu inayofunga bao moja kila ikiingia uwanjani haiongozi kundi la aina hiyo kama nyuma kunavuja. Sisi tuliliongoza, pointi 10 kati ya 12. Kwa mechi zote tano tulifungwa mara mbili tu: Angola mapema kabla watu hawajakaa vizuri, na Madagascar kwa penalti.

Halafu kumbuka mazingira. Dhidi ya Angola, Marvin Nabwire alilambwa kadi nyekundu hata nusu saa haijafika. Dhidi ya Morocco, Ogam alifunga dakika ya 42, tukaruka, tukakumbatiana na watu tusiowajua, na kabla jasho halijakauka Chrispine Erambo naye akaonyeshwa nyekundu. Kipindi kizima cha pili, watu 10 dhidi ya Morocco. Mechi hiyo niliitazamia kwenye kibanda kimoja Rhonda, Jumapili jioni, mabenchi yamejaa hadi watoto wamekalia kreti za soda mbele ya skrini. Dakika ishirini za mwisho hakuna aliyeongea. Mama mmoja wa kuuza mayai alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake, hajauza hata moja tangu kipindi kianze, na hakuonekana kujali. Mpira ulikuwa unarushwa ndani ya boksi letu kama mvua ya Aprili, na kila mara kulikuwa na mikono miwili inayouzima.

Na hili ndilo linalonifanya nisibadili msimamo. Morocco walitwaa kombe lile. Waliwafunga Angola, Zambia, Congo, wakawatoa Tanzania, wakawapita Senegal kwa penalti baada ya sare ya 1-1, wakawapiga Madagascar 3-2 kwenye fainali, palepale Kasarani. Walifunga katika kila mechi isipokuwa moja, na walipoteza moja tu. Ni ileile. Oussama Lamlioui wao alimaliza mfungaji bora na mabao sita, na hakuna hata moja kati ya hayo sita lililoingia kwenye nyavu za Kenya.

Najua unachotaka kusema. “Mabeki je?” Sawa, mabeki pia. Abud Omar, nahodha, aliongoza ule ukuta bila kelele, na Alphonce Omija si beki tu, ndiye aliyefunga kwa kichwa dhidi ya Madagascar. Lakini beki akiteleza kuna mtu nyuma yake. Kipa akiteleza nyuma yake kuna wavu.

Kuna jambo lingine, na hili linanigusa zaidi ya takwimu. Huku mtaani kipa hachaguliwi, hubaki. Timu mbili zikigawanywa, wanaojua gozi wanaitwa kwanza, na yule wa mwisho, mdogo kuliko wote au asiye na viatu, anaambiwa “wewe ingia goli”. Wakishinda hatajwi. Wakifungwa, anatembea nyumbani peke yake. Ukiuliza wazee wa Bondeni kuhusu makipa watakwambia habari za Mahmoud Abbas, yule aliyebandikwa jina la Kenya One miaka ya themanini, na macho yanawang'aa. Sisi wa rika langu hatukuwa na wetu. Tuna bao la Victor Wanyama dhidi ya Barcelona mwaka 2012, tuna Olunga, tuna picha za washambuliaji kwenye milango ya matatu. Baada ya CHAN ndipo niliona, kwa mara ya kwanza, dogo wa Kaptembwo akijitolea kukaa golini, amevaa glavu za baridi za mamake. Sikuongeza chumvi, zilikuwa za sufi na zina maua.

Kwa hivyo, namba moja Bryne Omondi. Tuendelee.

Namba mbili ni Ogam, na hapa sina ubishi mrefu. Kijana wa miaka 20, alitoka Tusker, akaitungua Morocco na akaitungua Zambia. Hilo la Zambia lilitupa uongozi wa kundi. Kabla ya mwezi mmoja kupita tangu CHAN kuisha alikuwa amepata klabu Austria, Wolfsberger AC, na Oktoba akarudi na jezi ya taifa kufunga bao pekee tulilowalaza nalo Burundi. Kama unahesabu nani aliyebadilisha maisha yake kwa kasi zaidi mwaka 2025, yeye ndiye, na anastahili. Mimi ninahesabu kitu kingine.

Ila tazama soko linavyofanya kazi. Ogam, Austria. Moses Shumah, aliyebeba kiatu cha dhahabu cha ligi na mabao 17 akiwa Kakamega Homeboyz, Zambia. Mohammed Bajaber, aliyekuwa injini ya Kenya Police mwaka waliotwaa ligi kwa mara ya kwanza katika historia yao, Simba ya Dar. Wote ni watu wa mbele. Bao linakatwa video ya sekunde kumi, linarushwa mtandaoni, wakala anapiga simu. Kuzuia hakukatwi video. Na katika ligi ambayo mshahara kuchelewa si habari tena, hiyo simu ya wakala ndiyo tofauti kati ya kumjengea mama nyumba na kuomba nauli ya mazoezini. Wakati wa CHAN Rais aliahidi kila mchezaji shilingi milioni moja kwa ushindi, na mtaani watu walikasirika, eti hela nyingi. Wasee, hebu uliza mchezaji wa ligi yetu huchukua muda gani kuona milioni moja. Mimi nilifurahi.

Namba tatu, Austin Odhiambo wa Gor Mahia. Bao la kwanza kabisa la Kenya katika historia ya CHAN ni lake, dhidi ya Congo, dakika za nyongeza za kipindi cha kwanza, wakati watu wa kibanda wameanza kuinuka kwenda kununua smokie. Dhidi ya Angola akasawazisha kwa penalti tukiwa tumeshaanza kushikwa na baridi. Kuna siku anapotea, hilo ni kweli, unamtafuta uwanjani kama mtu anayekudai. Lakini mpira mgumu ukihitaji mtu wa kuutuliza, ulikuwa unaenda kwake. Nimemweka juu ya Shumah kwa kuwa mabao ya Austin yalifungwa mbele ya Afrika nzima, na naelewa kama Kakamega hawataniamkia.

Namba nne, Michael Olunga. Hapa ndipo wazee wa boda walinitoa kwenye base. “Olunga wa nne? Uko sawa kweli?” Niko sawa. Olunga wa 2020, mabao 28 ya ligi ya Japan, mchezaji bora wa ligi nzima, huyo angekuwa namba moja bila kura. Mwaka 2025 alifunga dhidi ya Gabon pale Nyayo na bado tukalala 2-1, akaweka mawili tulipowapiga Seychelles 5-0, akahama kutoka Al-Duhail kwenda Al-Arabi hukohuko Qatar. Ni mwaka mzuri wa mtu wa kawaida. Lakini siku nne kabla ya Seychelles, Gambia walikuja Kasarani wakatupiga 3-1, na Novemba Senegal wakatutia 8-0 kwenye mechi ya kirafiki kule Uturuki. Nane! Kipigo hicho kinamshusha kila mtu aliyehusika na timu ya taifa, na wa kwanza kuulizwa ni wakubwa. Ukiniuliza kwa nini basi hakijaibomoa orodha yangu yote, jibu ni kwamba kirafiki ni kirafiki. Agosti ilikuwa na kombe mezani.

Namba tano si mtu. Ni Harambee Starlets wote, kuanzia golini hadi benchi. Oktoba waliwatoa Gambia kwa jumla ya mabao 4-1 na kufuzu Wafcon, mara ya kwanza tangu 2016. Utasema timu si mchezaji, na kwamba nimechanganya mambo. Orodha ni yangu. Walifanya mwaka huohuo kile ambacho wanaume hawakufanya: Desemba, Tanzania na Uganda walikuwa Morocco wakicheza Afcon, sisi tukiwashangilia kama jirani anayesikia harufu ya pilau ukutani.

Kuna mmoja ambaye hakuingia na nitamtaja kwa sababu za kinyumbani. Boniface Muchiri wa Ulinzi Stars alikuwa kwenye kikosi cha CHAN. Nakuru bado tunaiita Ulinzi timu yetu, kwa mazoea. Huu ndio mji uliotoa bingwa wa kwanza kabisa wa ligi ya taifa, Nakuru AllStars, mwaka 1963. Ulinzi walibeba taji mara nne, 2003, 2004, 2005 na 2010, na nyumbani kwao kulikuwa Afraha. Uwanja ulipofungwa ujengwe upya, wanajeshi walihamia Lang'ata. Tangu hapo, mtoto wa Flamingo akitaka kuona mechi ya ligi kuu kwa macho yake anahitaji nauli ya kwenda na kurudi Nairobi, kilomita 160 hivi kila upande, pamoja na mtu mzima wa kumpeleka. Wengi wa rafiki zangu waliotaka kwenda kuona Stars ikicheza na Zambia walikosa tiketi, kwani CAF ilikuwa imepunguza mashabiki wa Kasarani hadi 27,000 baada ya vurugu za mechi ya Morocco. Wakarudi kibandani.

Muchiri ningemweka namba sita. Namba saba ningempa Bajaber, hasa kwa lile bao lake dhidi ya Gambia Machi, siku tuliyotoka sare ya 3-3. Na Shumah namba nane, kwa shingo upande, kwa sababu mabao 17 ni mabao 17.

Yule dogo wa glavu za maua anaitwa Kenya One na wenzake sasa. Hajui jina lilikotoka. Jumamosi walifungwa manne.