Kisu cha Baharini Kikirudi Dodoma

Kutu huota pale chuma, maji na oksijeni vinapokutana. Chumvi si mmoja wa hao watatu, ila huwaharakisha. Chuma kikilowa, sehemu moja ya uso wake hupoteza elektroni na kuanza kulika, na sehemu nyingine huzipokea. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji baridi, kwa hiyo ulaji huo huenda kasi. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, na kloridi iliyomo humong'onyoa hata utando mwembamba ambao baadhi ya vyuma hujitengenezea kujikinga. Kutu nyekundu inayozaliwa hapo huvimba, hupasuka na kubanduka, ikiacha chuma kipya wazi kwa maji. Ndiyo maana kutu haijizuii yenyewe. Ikiachwa huendelea.

Tangu treni ya reli ya kisasa ianze safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, mkazi wa makao makuu anaweza kwenda pwani na kurudi bila kupoteza siku nzima njiani. Wapo wanaokwenda kupiga mbizi, kuvua kwa ndoano kwa burudani au kusafiri kwa mashua za tanga. Wengine huvuka hadi Mafia, ambako hifadhi ya kwanza ya bahari nchini ilianzishwa mwaka 1995. Kisu ni sehemu ya vifaa vyao. Mpiga mbizi hakibebi kwa ajili ya kupigana na papa. Hukibeba ili akate uzi wa nailoni au kipande cha nyavu kitakachomnasa mguu akiwa chini ya maji.

Kisu hicho kikirejea Dodoma, hali ya hewa hudanganya macho. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua yake kwa mwaka haifiki hata milimita 700, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ni kavu kiasi kwamba hata kisu kilichorudi na chumvi kinaweza kukaa kabatini kiking'aa. Chumvi haijaondoka. Imekauka tu na kujificha kwenye makali, kwenye meno ya msumeno na pale ubapa unapoingia kwenye mpini. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya unyevu wa hewa hadi ikayeyuka pale unyevunyevu unapofika takriban asilimia 75, na chumvi ya bahari, kwa kuwa ina magnesi ndani yake, huanza mapema zaidi. Mvua za kwanza zikishuka, kila chembe hugeuka tone la maji ya chumvi, na mwenye kisu hushangaa kuona madoa mekundu miezi kadhaa baada ya safari.

Wala si lazima kufika pwani ili kukutana na adui huyu. Maziwa ya Singidani na Kindai mjini Singida yana maji ya chumvi, na Wagogo walikuwa wakipata chumvi katika bonde la Bahi tangu enzi za misafara ya karne ya 19. Visima vingi vya Kanda ya Kati vina maji yenye chumvichumvi, na jambo hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana, kama itakavyoelezwa.

Aina ya chuma huamua mengi. Visu vya mafundi wa mitaani, vingi vikifuliwa kwa springi za magari, ni vya chuma cha kaboni. Hunoleka vizuri na kudumu na makali, lakini huota kutu ndani ya saa chache baada ya kulowa maji ya bahari. Chuma kisichoshika kutu, ambacho wauzaji hukiita stenlesi, huwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Kromiamu hiyo huungana na oksijeni na kufanya utando usioonekana kwa macho. Harry Brearley alikifikia chuma cha namna hiyo mjini Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, na visu vilikuwa miongoni mwa matumizi yake ya mwanzo. Hata hivyo jina linapotosha. Kisu hukatwa kwenye chuma kigumu chenye kaboni, na kaboni hiyo hukamata sehemu ya kromiamu, hivyo kinga hupungua. Baharini utando hutobolewa na kloridi, na vijishimo vidogo huchimbika ndani. Vyuma vinavyotumia nitrojeni mahali pa sehemu kubwa ya kaboni, kama H1 na LC200N, hustahimili bahari kwa kiwango cha juu sana. Titaniamu haioti kutu kabisa, ila makali yake huisha upesi. Bei za vyote hivyo ni kubwa, na kwa watu wengi matunzo mazuri ya kisu cha kawaida yanatosha.

Matunzo yenyewe huanzia ufukweni. Kisu kisuuzwe kwa maji baridi siku hiyohiyo, kabla chumvi haijakauka. Kama mpini unafunguka, ufunguliwe. Ala nayo isuuzwe, kwa sababu ala iliyobaki na chumvi hukirudishia kisu maradhi yake. Atakayesubiri kukiosha nyumbani Dodoma aangalie maji yenyewe: maji ya kisima yenye chumvi yakikaukia kwenye chuma huacha chumvi nyingine. Maji ya mvua yaliyokingwa ni bora zaidi, na yasipopatikana, yatumike yaliyopo, kisha kisu kifutwe mara moja kwa kitambaa kikavu badala ya kuachwa kijikaukie. Dawa za kuulia vijidudu zenye klorini ziepukwe, maana hutoboa hata stenlesi.

Kutu ikishaota, kwanza itazamwe kina chake. Madoa ya juujuu hutoka kwa kusugua na majivu laini yaliyochekechwa na kuloweshwa kidogo, au kwa msasa laini sana wenye mafuta, mkono ukifuata urefu wa ubapa. Waya wa chuma wa kusugulia masufuria haufai kwa stenlesi, kwa kuwa huacha chembe zake ambazo nazo huota kutu. Kutu iliyoshika zaidi hulegezwa na asidi: siki, maji ya limau, au uji mzito wa ukwaju, tunda ambalo nyanda hizi hazina uhaba nalo. Chuma kiloweshwe saa chache tu na kukaguliwa mara kwa mara, kwani asidi ikimaliza kutu hugeukia chuma chenyewe. Kisha kisuuzwe kwa maji yenye magadi kidogo, kisuuzwe tena, kikaushwe na kupakwa mafuta papo hapo, maana chuma kilichotoka kwenye asidi huota kutu kwa dakika chache. Vishimo vilivyochimbika havirudi. Fundi anaweza kuvipunguza kwa jiwe, lakini grenda ikipasha makali hadi yageuke rangi ya buluu, ugumu wa chuma umekwisha.

Kwa kinga ya muda mrefu, mafuta ya alizeti ndiyo yaliyo karibu na kila jiko la Dodoma na Singida, lakini hayafai: hukauka na kuwa gundi. Mafuta ya mgando au mafuta laini ya cherehani ni bora. Nzuri kuliko zote kwa kisu kitakachokaa miezi ni nta ya nyuki, ambayo Manyoni na Itigi huizalisha: huyeyushwa, hupakwa kwenye ubapa uliopashwa moto kidogo kwa maji ya moto na kukaushwa kabisa, kisha hufutwa hadi ubaki utando mwembamba. Kisu kihifadhiwe nje ya ala, hasa ala ya ngozi, ambayo hushika unyevu.

Kabla ya safari nyingine, kichomolewe na kurudishwa alani mara kadhaa kwa mkono mmoja. Kisu kinachokwama kwa kutu kisipelekwe mbizini, hata kama makali yake bado yanakata.