Soko la Vibarua vya Kiangazi kwa Walimu wa Marekani

Mwalimu wa shule ya umma nchini Marekani huajiriwa kwa mkataba wa takriban miezi kumi, wenye siku za kufundisha zinazokaribia 180 katika majimbo mengi, na kipindi kinachobaki kati ya Juni na Agosti, ambacho watu wa nje hukiita likizo, katika daftari la mwajiri ni muda usio na kazi wala malipo. Jambo hili huwatatiza hata Wamarekani wenyewe, kwa sababu wilaya nyingi za elimu, yaani mamlaka za mitaa zinazoendesha shule na kuajiri walimu, humruhusu mwalimu kuchagua kama mshahara wake ugawanywe kwa miezi kumi au kumi na miwili. Anayelipwa dola 54,000 kwa mwaka atapokea, kabla ya makato, dola 5,400 kila mwezi katika mgawo wa kwanza na dola 4,500 katika mgawo wa pili. Lakini hizo 4,500 za Julai ni jasho la miezi iliyopita, lililowekwa akiba na mwajiri bila riba. Wala hawezi kudai fidia ya kukosa kazi, kwani sheria ya shirikisho inayosimamia bima ya ukosefu wa ajira humnyima mwalimu mafao ya kiangazi maadamu ana uhakika wa kuridhisha wa kurudi darasani muhula ujao.

Kwa hiyo wako wanaoingia sokoni. Kituo cha utafiti cha Pew, kikichambua takwimu za serikali, kilionyesha kuwa asilimia 16 ya walimu wa shule za umma walifanya kazi nje ya shule katika kiangazi kilichotangulia mwaka wa masomo wa 2015/16, na si ajabu kwamba vijana ndio waliohitaji zaidi, kwa kuwa wastani wa mshahara uliotajwa na chama cha walimu cha NEA kwa mwaka 2023/24, dola 72,030, uko mbali na dola 46,526 za wastani wa anayeanza. Tatizo la soko lenyewe ni kwamba wauzaji wote hufika siku moja: walimu hutoka shuleni wiki zile zile ambazo wanafunzi wa vyuo na sekondari nao wanatafuta vibarua, na kazi ambayo kijana wa miaka 18 anaweza kuifanya hulipwa kwa bei ya kijana huyo. Katika mazingira hayo thamani ya kibarua hutegemea swali moja tu, nalo ni kama kazi hiyo inamhitaji mwalimu au inahitaji mtu yeyote.

Kambi za watoto, ambazo ndizo humjia wengi akilini kwanza, huangukia zaidi upande wa pili wa swali hilo. Sheria ya shirikisho ya viwango vya kazi huzisamehe sehemu za burudani za msimu, zile zisizofunguliwa zaidi ya miezi saba kwa mwaka, wajibu wa kulipa kima cha chini cha mshahara na malipo ya saa za ziada, hata kama kima chenyewe, dola 7.25 kwa saa, hakijapandishwa tangu mwaka 2009. Kambi nyingi basi hulipa fungu moja kwa msimu mzima, na mwalimu anayeligawa fungu hilo kwa saa anazowajibika, zikiwamo za usiku katika mabweni, hupata jibu la kusikitisha, isipokuwa pale ambapo watoto wake mwenyewe wanapokelewa bure na ada aliyookoa inazidi alicholipwa.

Masomo ya kiangazi yanayoendeshwa na wilaya ni salama zaidi, hasa yale ya wanafunzi wenye ulemavu ambao sheria huwapa haki ya mwaka wa masomo ulioongezwa wanapohitaji, kwani hayo hayafutwi kwa sababu tu bajeti imebana. Mengine hupanda na kushuka pamoja na ruzuku: sheria ya unafuu ya mwaka 2021 ilizitengea shule takriban dola bilioni 122 baada ya janga la korona, na kuzitaka wilaya zitumie angalau asilimia 20 ya mgawo wao kufidia masomo yaliyopotea, lakini mwisho wa kuziingiza fedha hizo katika mikataba ulikuwa Septemba 2024.

Kazi ambayo hakuna mtu wa nje anayeweza kumnyang'anya mwalimu ni usahihishaji. Mitihani ya Advanced Placement, inayosimamiwa na College Board na kufanywa Mei na wanafunzi wa sekondari wanaotaka kutambuliwa kwa masomo ya kiwango cha chuo, ina maswali ya insha ambayo husomwa Juni na wahadhiri pamoja na walimu wenye uzoefu wa angalau miaka mitatu katika somo husika. Saa za mwanzo hudai uvumilivu: wasahihishaji husoma majibu ya mfano, kila mmoja hutoa alama yake, kisha kiongozi wa meza huwauliza waliotofautiana waonyeshe mstari wa mwongozo walioutegemea, mpaka mikono yote ipime kwa pishi moja. Baada ya hapo mtu husoma majibu ya swali lile lile, saa nane kwa siku, kwa takriban wiki nzima. Wanaosafiri hugharimiwa nauli, malazi na chakula, wengine husahihisha nyumbani kwa kompyuta, na wote hurudi darasani wakijua hasa pale ambapo watahiniwa hupoteza alama, maarifa ambayo hayana bei sokoni.

Ufundishaji wa mtandaoni ulionekana kwa muda kuwa jibu la kila kitu. Kampuni ya VIPKid ya Beijing, iliyoanzishwa mwaka 2013, iliwaunganisha makumi ya maelfu ya walimu wa Amerika Kaskazini na watoto wa China, hadi kanuni za Julai 2021 zilipopiga marufuku masomo ya walimu walioko nje ya nchi hiyo na mapato hayo yakakauka. Majukwaa yaliyobaki yanataka hesabu ya makini. Outschool hukata asilimia 30 ya ada, hivyo darasa la watoto sita wanaolipa dola 20 kila mmoja huacha dola 84. Na kwa kuwa mwalimu hapo hahesabiwi mwajiriwa bali mtu aliyejiajiri, hubeba peke yake asilimia 15.3 ya makato ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee, ambayo mwajiriwa huyagawana nusu kwa nusu na mwajiri. Hizo ni karibu dola 12 nyingine, kabla ya kodi ya mapato.

Hata hivyo makato hayo si hasara tupu. Walimu wa majimbo kama Texas, California, Illinois na Massachusetts kwa kawaida hawachangii hifadhi ya jamii ya shirikisho kupitia kazi ya shule, na kibarua cha kiangazi huweza kuwa mlango wao pekee wa kuiingia. Pensheni hiyo huhitaji pointi 40, zisizozidi nne kwa mwaka, na kwa viwango vya mwaka 2025 pato la dola 7,240 lilitosha kwa pointi zote nne. Kwa miongo kadhaa kifungu kimoja cha sheria kiliwapunguzia mafao wenye pensheni hiyo pamoja na ile ya walimu wa jimbo, kikafutwa Januari 5, 2025, na kwa hatua hiyo vibarua vya miaka mingi iliyopita vikapanda thamani bila mtu kufanya saa moja zaidi.

Uhaba hulipa vizuri kuliko yote, na Kiswahili ni mfano wake. Chuo Kikuu cha Indiana huko Bloomington kimekifundisha katika kozi zake za lugha za kiangazi, na Chuo Kikuu cha Florida huko Gainesville katika programu ya wiki nane ambayo wanafunzi wake huendelea baadaye na masomo Arusha. Mwalimu wa Kiswahili hashindani hapo na kijana wa miaka 18, ila hushindana na orodha ya waliojiandikisha: kozi ya namna hii huishi kwa ruzuku ya serikali kuu na kwa idadi ya wanafunzi, na mkataba unaosainiwa majira ya machipuko huweza kubeba sharti kwamba idadi hiyo itimie kwanza.