Fangasi Anayenyonya Dopamini ya Ubongo

Tukisikia fangasi, wengi wetu tunawazia muwasho wa vidoleni au mapunye ya watoto. Kriptokokasi ni mwingine kabisa. Makao yake ni udongo, hasa uliochanganyika na kinyesi cha njiwa, na huingia mapafuni pamoja na vumbi. Mwenye kinga imara humdhibiti bila hata kujua. Lakini kwa mtu mwenye VVU ambaye CD4 zake, yaani chembe za kinga, zimeshuka chini ya 100, anaweza kupenya kwenye damu hadi ubongoni na kusababisha homa ya uti wa mgongo. Asiyetibiwa hufa.

Kwa nini ubongo? Sehemu ya jibu imo katika kimeng'enya kiitwacho lakasi. Seli zetu za neva hupashana habari kwa kemikali kama dopamini na noradrenalini. Bila dopamini ya kutosha hata kunyanyua mguu huwa kazi, kama wanavyojua wenye ugonjwa wa Parkinson. Lakasi ya fangasi huzioksidisha kemikali hizohizo mpaka zikawa melanini, rangi nyeusi inayojipanga kwenye ukuta wa seli yake. Malighafi hiyo hawezi kuitengeneza mwenyewe. Lazima aipate nje, na ubongo unayo tele.

Mwaka 1962 Friedrich Staib alieleza jinsi fangasi huyu anavyogeuka kahawia akioteshwa kwenye mbegu za Guizotia abyssinica, zao la mafuta la Ethiopia, na maabara zikapata njia ya kumtambua. Miaka 20 baadaye Kwon-Chung na wenzake, nchini Marekani, walionesha kwamba fangasi waliopoteza uwezo wa kutengeneza melanini hudhoofika sana katika kuwaua panya. Melanini humkinga fangasi dhidi ya kemikali kali za chembe nyeupe za damu, na pia hupunguza makali ya amfoterisini B, dawa yetu kuu dhidi yake. Dopamini si maelezo yote, maana lakasi ina kazi nyingine na fangasi ana silaha nyingine, lakini kwangu hiyo inatosha kusema kwamba tunapaswa kumkamata kabla hajafika huko.

Na inawezekana. Antijeni yake, yaani alama ya fangasi huyo, huonekana kwenye damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma, na kipimo chake cha kijiti hutoa majibu kwa dakika 10 hivi. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka, uliochapishwa mwaka 2015, ulionesha kuwa kipimo hicho, pamoja na wahudumu wa kuwatembelea wagonjwa nyumbani, vilipunguza vifo kwa asilimia 28 miongoni mwa walioanza dawa za VVU wakiwa na kinga duni.

Akikutwa na antijeni, mgonjwa hushauriwa kutolewa maji ya uti wa mgongo ili kuona kama fangasi ameshafika ubongoni. Najua sindano hiyo inaogopwa, na wapo wanaoamini kwamba ndiyo inayoua. Kinachoua ni ugonjwa, pamoja na presha inayojaa ndani ya fuvu, na sindano hiyohiyo ndiyo huishusha. Ubongo ukiwa bado haujaguswa, mgonjwa huanzishiwa vidonge vya flukonazoli na kurudi nyumbani. Ndugu yako akigundulika na VVU akiwa amekonda na CD4 ziko chini, muulize daktari kuhusu kipimo hicho siku hiyohiyo.