Kidonda Kimepona, Maumivu Hayajaisha: Shauri kwa Waliojeruhiwa Vitani

Katika vilima vya Bahati, karibu na mji wa Nakuru, palikuwa na mzee mmoja aliyepigana vita vya Burma akiwa askari wa Keya. Nilimjua nilipokuwa mtoto, naye wakati huo alikuwa amekwisha ota mvi. Risasi ilimpata katika mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko. Kidonda kilipona zamani, likabaki kovu dogo tu. Hata hivyo kila alipokaa aliweka karai la maji baridi kando yake, akachovya kitambaa na kukifunga katika kiganja, kwani alisema mkono unawaka moto. Majirani wengine walisema akili yake ilipotea vitani, na wengine walisema amerogwa. Sisi watoto tulimcheka. Mzee yule amekwisha fariki, nami nimejua baadaye ya kuwa hakuwa na wazimu hata kidogo.

Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, daktari mmoja aitwaye Silas Weir Mitchell aliwatunza askari waliopigwa risasi, katika hospitali moja ya mji wa Philadelphia. Mwaka 1864 yeye na wenzake wawili walitoa kitabu juu ya majeraha ya mishipa ya fahamu. Waliwaona askari ambao vidonda vyao vimefunga, lakini mkono au mguu uliwaunguza mchana na usiku. Askari hao walilowesha mikono yao kwa maji kila mara, na wengine walitia maji ndani ya viatu vyao. Basi mzee wetu wa Bahati alikuwa na ugonjwa unaojulikana na madaktari tangu zamani.

Ugonjwa huu hutokeaje? Mishipa ya fahamu ni kama waya za simu zipelekazo habari kutoka viungoni hadi kwenye ubongo. Risasi, kipande cha bomu, panga au mshale ukiikata au kuiponda, ngozi na nyama huweza kupona kwa majuma machache, lakini waya ile hubaki imeharibika. Hapo hupeleka habari za uongo. Ubongo huambiwa kuwa mkono unaungua, na moto haupo. Habari ni ya uongo, lakini maumivu ni ya kweli kabisa, wala mgonjwa hajifanyi. Hata mtu aliyekatwa mguu huweza kuumwa na vidole visivyokuwapo. Mpasuaji Mfaransa Ambroise Paré aliandika habari hiyo katika karne ya 16.

Msomaji asidhani ya kuwa jambo hili liliisha pamoja na wazee wa Keya. Hapa kwetu, karibu na Bahati, ipo kambi ya jeshi ya Lanet. Tangu Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yalipoingia Somalia, vijana wetu wamejeruhiwa kwa risasi na kwa mabomu yaliyofichwa njiani. Tena wako raia waliokatwa kwa panga au kupigwa mishale katika ghasia zilizofika Nakuru mwezi wa Januari 2008. Wote hao huweza kupata maumivu ya namna hii.

Ni muhimu kuyatambua, kwa sababu dawa yake si ile ya maumivu ya kawaida. Watu wengi hununua dukani vidonge vya kutuliza maumivu, kama paracetamol, ibuprofen au diclofenac, wakavimeza miezi na miaka. Dawa hizo hazisaidii sana mshipa wa fahamu ulioharibika. Tena ibuprofen na diclofenac zikitumiwa muda mrefu huweza kutoboa tumbo na kudhuru figo. Mgonjwa hupata hasara mara mbili: maumivu hayapungui, na mwili wapata ugonjwa mwingine.

Kwa hiyo, uendapo hospitali, usimwambie daktari “mkono unauma” tu. Mweleze unauma namna gani. Je, unawaka kama moto? Unachoma kama sindano, au unapiga kama umeme? Pana mahali penye ganzi? Je, shuka ikigusa tu ngozi, waumia? Maneno hayo ndiyo yatakayomwonyesha daktari ya kuwa shida iko katika mishipa ya fahamu.

Dawa ambazo madaktari hutumia ni kama amitriptyline na gabapentin. Ya kwanza ilitengenezwa kwa ajili ya wenye huzuni kubwa, na ya pili kwa ajili ya wenye kifafa. Mgonjwa akipewa asiudhike akidhani ya kuwa ameitwa mwenda wazimu. Dawa hizi hutuliza mishipa iliyochafuka. Huanzwa kwa kipimo kidogo, kisha daktari hukiongeza polepole, na nafuu huweza kuchukua majuma kadhaa. Amitriptyline, ambayo mara nyingi humezwa usiku, huleta usingizi na kukausha kinywa. Wazee na wenye ugonjwa wa moyo yawapasa kumwambia daktari kabla ya kuitumia. Dawa hizi zisichanganywe na pombe, wala zisiachwe kwa ghafula. Tena hakuna dawa imfaayo kila mtu. Ya kwanza ikishindwa, rudi ukaseme, upate kujaribiwa nyingine.

Pamoja na dawa, yako mambo ya kufanya nyumbani.

Kwanza, usikifiche kiungo. Wengi huukunja mkono kifuani usiguswe, nao hukakamaa. Yafaa kuunyosha na kuukunja kila siku, kama mtaalamu wa mazoezi atakavyoelekeza.

Pili, uizoeze ngozi kuguswa. Anza kuipangusa taratibu kwa pamba, mara kadhaa kwa siku. Ukiweza kuvumilia, tumia kitambaa laini, halafu kitambaa kikavu kigumu zaidi. Baadaye tia mkono katika bakuli la mchele au maharagwe makavu, ukauzungushe humo. Usifanye hivyo iwapo kidonda hakijafunga.

Tatu, aliyekatwa mguu au mkono na kuumwa na kiungo kisichokuwapo ajaribu kioo. Huweka kioo kikubwa katikati ya miguu, akatazama sura ya mguu mzima, akauchezesha. Ubongo huona kana kwamba miguu yote miwili iko. Mwaka 2007 madaktari wa hospitali ya jeshi ya Walter Reed huko Marekani walitangaza ya kuwa wagonjwa waliofanya hivyo dakika 15 kila siku kwa majuma manne walipata nafuu. Mguu wa bandia nao sharti ukae sawasawa, kwani ukibana ncha ya mshipa uliokatwa, huumiza sana.

Nne, jihadhari na mahali penye ganzi. Mkono usiosikia moto huungua jikoni bila habari, na mguu usiosikia mwiba huoza. Utazame kila jioni. Maji ya moto yapimwe kwa mkono ulio mzima.

Mshipa wa fahamu ulioumia huweza kuota tena, lakini kwa mwendo wa kinyonga: kadiri ya milimita moja kwa siku. Toka kwenye kiwiko hadi vidoleni ni safari ya mwaka mmoja au zaidi. Ukigonga polepole juu ya mshipa ukasikia mchomo ukikimbilia vidoleni, na mahali pa mchomo huo pakasogea mbele mwezi hata mwezi, mara nyingi ni dalili njema. Lakini kiungo kikivimba, kikitoa usaha, au nguvu zake zikizidi kupungua, usingoje; nenda hospitali ya Bahati au ya Nakuru upesi.

Neno la mwisho ni kwa jamaa wa mgonjwa. Mtu asiyelala kwa maumivu huwa mkali, hukaa peke yake, pengine hukimbilia pombe. Wengine huota ndoto za vita usiku. Msimwite mvivu wala mwongo, na msipoteze mbuzi na fedha kumtafuta mchawi. Mfuateni hospitali, mkaseme yale myaonayo nyumbani ambayo yeye huona haya kuyasema.

Wazee walisema, adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Mzee wetu wa karai aliijua peke yake zaidi ya miaka 50, na hakuna aliyemsadiki. Kama yuko mwingine wa namna hiyo katika boma lako, msadiki leo, ukamwonyeshe njia ya hospitali.