Minyoo Wafunguao Mlango

Hapa Dumila mtoto wa kiume aonapo damu katika mkojo wake mara ya kwanza, wenzake humcheka kidogo, kisha humwambia, "Sasa umekua." Nami nilipokuwa mtoto nalisema vivyo hivyo. Ugonjwa huo ni kichocho, nasi tumekaa nao katika mabonde yetu ya mpunga hata tumeuhesabu kama jamaa wa nyumbani. Walakini jamaa huyu huwafungulia wengine mlango, na habari hiyo ndiyo niandikayo leo.

Mnyoo wa kichocho hutoka katika konokono wa majini, akapenya ngozi ya mtu asimamaye majini, zaidi wakati wa adhuhuri. Kisha hukaa miaka mingi katika mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu. Mayai yake ndiyo yaletayo taabu. Mengine hutoka na mkojo, mengine hukwama katika nyama ya mwili, na kwa mwanamke hukwama hata katika njia ya uzazi, yakafanya vidonda. Basi mahali penye kidonda, virusi vya UKIMWI hupata upenyo. Tena askari wa mwili wakusanyikao pale kupigana na mayai, miongoni mwao wamo wale wale ambao virusi hivyo hupenda kuwaingia. Ni kana kwamba mwenye nyumba amewaita walinzi wake wote mahali pamoja, na mwizi anawatafuta hao hao.

Mwaka 2011 waganga walitoa habari za wanawake 457 wa vijiji vinane karibu na Mwanza. Wenye kichocho cha mkojo walionekana kuwa na virusi vya UKIMWI mara nyingi kuliko wenzao. Lakini msomaji mwenye akili atauliza, Kipi kilitangulia? Maana vyote viwili vilipimwa pamoja.

Jibu lililo bora lilitoka Kyela, nalo ni la mnyoo mwingine, yule wa matende, aenezwaye na mbu. Watafiti wa Mbeya na wenzao wa Munich, Ujerumani, waliwafuata watu mwaka hata mwaka, tangu 2006 hata 2011, wakiiweka akiba damu yao. Baadaye waliipima damu ile, wapate kujua nani alikuwa na mnyoo kabla hajapata virusi. Katika watu 1000 wenye mnyoo, yapata 19 waliambukizwa UKIMWI kwa mwaka mmoja. Katika 1000 wasio naye, 8 tu. Walipoutia hesabuni mwenendo wa watu, tofauti hiyo haikuondoka. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2016.

Wala tusikimbilie kusema kwamba kila mnyoo hudhoofisha kila kinga. Huko Entebbe, Uganda, wanawake wajawazito walipewa dawa za minyoo, walakini chanjo ya surua haikufanya kazi zaidi kwa watoto wao kuliko kwa watoto wengine.

Mama mmoja alinijia akilia kwa ajili ya binti yake. Binti alikuwa na maumivu na damu mahali pa siri, na majirani walikwisha kusema kwamba ni ugonjwa wa zinaa. Nakiri kwamba nami nalimhukumu moyoni kabla ya kuuliza neno. Alipopimwa, alionekana ana kichocho, alichokipata shambani, akipandikiza mpunga pamoja na mama yake. Dawa huwaua minyoo wakubwa, bali vidonda vya siku nyingi havitoki upesi. Kwa hiyo yafaa sana mtoto atibiwe mapema, na msichana asiyesoma shule asisahauliwe.

Hapo ndipo penye shida katika mkoa wetu. Wengi mnakumbuka mwaka 2008, dawa ya kichocho ilipogawiwa shuleni mjini Morogoro. Watoto wengine walishikwa na tumbo na kizunguzungu, uvumi ukaenea kwamba watoto wamekufa, wazazi wakakimbilia shule kwa hasira, ikawa fujo hata polisi wakaja. Mimi siwacheki wazazi wale; mtu akisikia mtoto wake amekufa, hangoji maelezo. Lakini dawa hiyo hujulikana kwamba husumbua tumbo, na kwa mwenye njaa husumbua zaidi. Jambo hilo lapaswa kuambiwa wazazi siku nyingi mbele, nasi walimu ndio wenye kuwaambia. Tena lazima waelezwe kwamba dawa haizuii minyoo wapya: mtoto arudiye majini huweza kuambukizwa tena, naye atahitaji vidonge vingine.

Yule mama ana mtoto mwingine shuleni. Siku ya vidonge ilipofika aliamka kabla ya jogoo, akapika sufuria kubwa ya uji wa mtama, akawaita na watoto wa jirani, wale wale majirani waliomsema binti yake.